Madawati Arobaini ya Kwenye Simu

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani, wala nani kapanga nyumba akadanganya kajenga. Leo umbea ni wangu mwenyewe. Kuna staa ndani yake, ila jina siweki, na naomba kwenye komenti msianze kunichimba. Mkijua mmejua, nyamazeni tu. Maana mkifika mwisho mtaona mwenye kesi kubwa si yeye. Ni mimi.

Kwa wasionijua, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimekulia Sinza, nikasoma ualimu, halafu nikakaa mtaani miaka mitatu nauza nguo kwenye simu nikisubiri ajira. Ajira zilipotoka nikapangiwa Bagamoyo. Mashosti wakanicheka, "Bagamoyo si hapo tu! Unapanda gari Makumbusho, unasinzia kidogo, unashuka." Kweli ni hapo tu, kilomita kama 70. Lakini ukishavuka Bunju, ukapita Mapinga na Kerege, ukaanza kuona minazi na vibao vya "kiwanja kinauzwa" kila baada ya hatua mbili, mwenyewe unajua mji umeuacha nyuma.

Shule yangu haiko Bagamoyo mjini. Iko nje kidogo, upande ambao upepo wa bahari unafika ila watalii hawafiki. Na jina lake pia siweki, wasije wakaniita ofisini.

Basi bwana. Desemba ile mwalimu mkuu akaniita, akanipa ufunguo uliofungwa kamba ya katani. Akasema, "Mwalimu, mwaka huu darasa la kwanza ni lako. Mpaka leo walioandikishwa ni 96. Andaa chumba."

Tisini na sita. Chumba kimoja. Najua mwongozo unasema wanafunzi 45 kwa darasa, msiniandikie. Ila toka elimu bila ada ianze Januari 2016, wazazi waliokuwa wanabaki na watoto nyumbani kwa kukosa hela wakawaleta shule, na hilo ni jambo jema kabisa. Mnakumbuka mwaka ule nchi nzima wimbo ulikuwa madawati, kila mkoa unahesabu umefikisha mangapi. Sasa dawati la mbao nalo lina umri wake. Likikaliwa na watoto watatu kila siku, likirukwa, likiburutwa, likigeuzwa gari, litavunjika tu.

Nikafungua mlango. Jamani, ile harufu. Popo walikuwa wamehamia kwenye paa likizo nzima, na sakafuni wameacha kodi yao yote. Ubao umepauka mpaka hujui ni mweusi au wa kijivu. Madawati mazima nikahesabu 12. Nyuma ya stoo kulikuwa na mengine 14 mabovu, mengi hayakuwa na shida kubwa: hapa ubao wa kukalia umeng'oka, pale mguu umelegea. Na ukutani, chini kabisa, usawa wa goti langu, kulikuwa na viroba vya sukari vimechanwa vikawa bapa, vimeandikwa kwa maka peni: a, e, i, o, u, ba be bi bo bu, na picha za embe, ngalawa, pweza. Vimefubaa, pembeni vimechanika nyuzi.

Viroba hivyo ni vya mwalimu aliyefundisha darasa la kwanza kabla yangu. Tumwite Bi Mkubwa. Amebakiza miaka miwili astaafu, na alishaomba apumzishwe kelele za darasa la kwanza. Nikajisemea, huyu mama kachoka, hata kutundika vitu juu hawezi tena.

Sasa hapo ndipo shetani wa simu akaniingia.

Usiku nimelala napitisha kidole, nakutana na darasa la shule moja ya kulipia huko Dar. Zulia lenye namba, viti vya rangi, maputo, kila mtoto na kikapu chake chenye jina. Nikaangalia picha ya chumba changu na popo zangu. Nikaona aibu, yaani aibu kabisa, kama vile kile chumba ni chumbani kwangu na wageni wapo mlangoni.

Nina shosti wangu anampaka mekapu dada mmoja maarufu. Mnamjua, wafuasi wake ukiwapanga foleni wanatoka Bagamoyo mpaka Tegeta. Nikamwambia shosti anisaidie kumfikishia ujumbe. Siku mbili tu, simu ikaita. Mwenyewe! Sauti ile ile ya kwenye video. "Mwalimu wangu, nimeguswa. Nakupa madawati arobaini. Ila darasa lipendeze, si unajua tena kamera."

Nilipiga kelele jirani akadhani nimeona nyoka.

Asubuhi nikamkimbilia mkuu. Kumbe kamati ya shule ilikuwa imeshakubaliana na fundi atengeneze yale 14 mabovu, shilingi 8,000 kila moja, jumla 112,000, na hela ipo. Nikapiga hesabu pale pale mezani kwake: arobaini mapya, watoto watatu kila dawati, ni watoto 120. Darasa linatosha na chenji inabaki. Nikasema, "Mkuu, sasa haya mabovu ya nini tena?"

Hiyo sentensi nimeirudia kichwani mara nyingi kuliko jina langu.

Mkuu akasitasita. Nikamsikilizisha sauti ya staa kwenye simu, maana alinitumia na ujumbe wa sauti kuahidi. Akaridhika. Kamati ikaihamishia ile hela kwenye milango ya vyoo vya wasichana, ambayo kwa kweli ilikuwa inahitajika. Fundi akaambiwa kazi hakuna. Akakunja misumeno yake akaenda kupaua nyumba ya mtu Mapinga.

Mimi nikaanza kupamba. Nilinunua manila, rangi, gundi na riboni, shilingi 85,000 za mfukoni kwangu. Nikapaka ubao rangi upya, hilo najisifu. Nikachora herufi nzuri, na ukaribisho wa Kiingereza mkubwa juu ya ubao, ingawa watoto wenyewe nawafundisha kusoma kwa Kiswahili. Vyote nikavitundika juu, karibu na dari, ili watoto wakisimama mbele ya kamera visizibwe na vichwa.

Halafu nikafika kwenye viroba. Bi Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni na khanga yake begani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Unavitoa?"

"Vimechakaa, mama. Na picha haitatoka vizuri."

Akakaa kimya kidogo. "Sawa. Darasa ni lako." Akaviokota kimoja kimoja, akavikung'uta vumbi, akavikunja kama mtu anavyokunja khanga za sanduku, akaondoka navyo. Hakuongeza neno. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba hakuleta ubishi.

Siku ya staa ikafika. Magari mawili, mpiga picha, dada wa mekapu, na lori dogo. Nikachungulia kwenye lori. Kumi. Nikahesabu tena, maana labda yamepangwa moja ndani ya jingine. Kumi.

"Mengine yanafuata, mwalimu wangu," akanikumbatia. Ananukia vizuri, sitadanganya.

Tuliita watoto wa majirani waje wakae. Wakakaa. Wakaambiwa wasimame, watoke, waingie tena wakimbie, wafurahi kama ndiyo mara ya kwanza kuyaona. Mara ya nne kuingia, mtoto mmoja akauliza, "Tunafurahi tena?" Kila mmoja alipewa juisi ya boksi, ila wasifungue kwanza, tupige kwanza. Kuna binti kaishika ile juisi robo saa nzima kwenye jua, anaiangalia tu.

Nanyi msidhani nilikuwa pembeni nimenuna. Mimi ndiye niliyekuwa nawapanga. Mimi ndiye niliyesema, "Wewe mwenye shati lililochanika, kaa nyuma ya mwenzio." Jioni nikaposti picha yangu na staa, nikaandika maneno ya kumshukuru Mungu. Sijawahi kupendwa na watu wengi vile kwenye simu. Nililala nacheka peke yangu.

Kilichofuata mnakijua hata nisiposema. Wiki ya kwanza: "Fundi wetu anaumwa." Wiki ya pili: "Nipo safari, nikirudi." Baadaye ujumbe unasomwa, haujibiwi. Baadaye hausomwi. Shosti wangu naye akaniambia niache kumsumbua bosi wake, nitamharibia kazi.

Januari shule zikafunguliwa.

Walikuja wote. Wengine na sare mpya zenye mikunjo ya dukani, wengine na sare ya kaka ikiwa imepinda magotini, wengine wanalia, wengine wanawafariji wanaolia. Madawati 12 ya zamani na 10 ya staa ni 22. Watatu watatu, ni 66. Waliobaki 30 nikawatandikia mikeka niliyoazima kwa majirani, nikawaweka pembeni na nyuma, kwa sababu ndiko kulikobaki nafasi.

Nikasimama mbele na fimbo ya kuonyeshea. Nikainua mkono mpaka juu karibu na dari. "Haya, wote, hii ni a."

"Aaaa!"

"Semeni mnaona nini hapa?"

Mtoto mmoja kwenye mkeka, mdogo kuliko wote, akanyoosha kidole. Nikafurahi, nikajua anataka kujibu. Akasimama akasema kwa adabu kabisa, "Mwalimu, mimi naona miguu."

Darasa likacheka. Mimi nikaenda pale alipo, nikakaa kwenye mkeka pembeni yake, na gauni langu la siku ya kwanza. Jamani, alikuwa anasema kweli. Ukikaa pale chini, unachoona ni miguu ya madawati, migongo, na miguu ya wenzio inayoning'inia. Herufi zangu za manila hazionekani. Ukaribisho wa Kiingereza hauonekani. Ukuta pekee unaouona vizuri ni ule wa pembeni, usawa wa goti la mtu mzima, na pale kulikuwa na alama nne nne za misumari na mstatili uliobaki mweupe, viroba vilipokuwa.

Nilikaa pale dakika nzima watoto wakinishangaa.

Kuinua macho, Bi Mkubwa yuko mlangoni. Sijui alikuwepo toka saa ngapi. Akaondoka. Akarudi na viroba vimekunjwa kwapani, na nyundo. Tukavitundika wawili palepale, kwenye matundu yaleyale. Wakati anapigilia akaniambia, taratibu, watoto wasisikie: "Mwanangu, kila mwaka wapo wanaokaa chini. Wa kwenye dawati anaweza kuinamisha macho. Wa chini hawezi kupanda."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Usiku ule nilipiga hesabu ambayo mtoto wa darasa la tatu angeiweza. Dawati 12 nzima, jumlisha 10 za staa, jumlisha 14 ambazo nilisema ni za nini tena. Ni 36. Mara watatu, ni 108. Wangekaa wote 96, na nafasi kumi na mbili zinabaki. Yaani zile kumi za staa pamoja na ile 112,000 ya kamati zilitosha kabisa. Tusingehitaji hata moja ya zile thelathini. Watoto 30 walikuwa sakafuni si kwa sababu staa kavunja ahadi. Walikuwa sakafuni kwa sababu mimi niliitumia ahadi kama hela iliyopo mkononi.

Kikao cha kamati nikaenda mwenyewe nikasema. Nilitetemeka. Mzee mmoja, mvuvi, mjumbe wa siku nyingi, akanisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mwalimu, sisi huku mtu akituahidi boti, tunasema ahsante. Ila mtumbwi wa zamani tunaendelea kuukalafati." Hawakunigombeza zaidi ya hapo. Ingekuwa afadhali wangenigombeza.

Nikamfuata fundi Mapinga. Sasa anataka 10,000 kila moja, maana ana kazi na mimi nina haraka. Jumla 140,000. Mshahara wa Januari ulipoingia nikamlipa. Yalirudi darasani mwezi wa pili. Mpaka hapo watoto walikuwa wamekaa chini wiki nne. Yule wa "naona miguu" nikamkalisha mstari wa mbele. Akasema anataka kurudi kwenye mkeka, kule karibu na pweza. Nikamwacha.

Bi Mkubwa yeye hakunisusa. Jumamosi mbili alikuja tukalipanga darasa upya, na nilijifunza mengi kuliko nilivyojifunza chuoni. Kabla ya kutundika kitu chochote, alinikalisha sakafuni kila kona, nikaangalia ubao kutoka pale. Kona moja nilikuta jua la asubuhi linapiga ubao unang'aa, hausomeki, tukasogeza madawati. Tukaacha njia katikati ili niweze kumfikia mtoto wa mwisho bila kukanyaga mtu, maana darasa la watoto 96 mwalimu akishindwa kupita, wa nyuma ni kama hawapo. Tukatenga makopo ya kuhesabia: vizibo vya soda, mbegu za ubuyu, na makome ambayo watoto wenyewe waliyaokota ufukweni. Kila kopo vitu kumi, vimefungwa, kiongozi wa kundi anahesabu kabla ya kurudisha, hivyo somo la hesabu linaanza kwenye kugawa vifaa. Gharama yake sifuri. Zile riboni zangu za 85,000, panya wamekula nusu.

Na nikamuuliza kwa nini siku ile hakunikataza kutoa viroba. Akacheka. "Ningekukataza ungevitoa nikiondoka. Ulikuwa na harusi yako."

Sasa kuna kitu nataka kukisema kuhusu wanaotoa, maana najua komenti zitajaa "mastaa wote kiki tu." Hapana. Siku moja nilishuka Bagamoyo mjini kununua chaki, nikapita Mji Mkongwe mbele ya Shule ya Msingi Mwambao. Lile jengo lilitolewa na Sewa Haji, tajiri wa Kihindi aliyefanya biashara za misafara hapa, mwaka 1896, enzi za Mjerumani. Alilitoa kwa sharti moja: wasome watoto wa rangi zote. Mwaka uliofuata akafariki. Huyu ndiye ambaye jina lake lipo mpaka leo kwenye jengo la Muhimbili, maana alitoa na hela ya hospitali Dar. Zaidi ya miaka 120, watoto bado wanaingia na kutoka pale na mabegi mgongoni.

Nilisimama nikawaza. Jina la mtoaji kukaa kwenye alichotoa si dhambi, la Sewa Haji lipo na tunalisema. Ila yeye alipoweka sharti, aliliweka kwa faida ya mtoto atakayekaa mle ndani. Sharti la staa wangu lilikuwa darasa lipendeze kwenye kamera, na mimi mwalimu, niliyeapa kwa ajili ya watoto, nililitekeleza mbiombio bila hata kuuliza.

Mwaka huu Januari nimepewa tena darasa la kwanza. Nimeomba mwenyewe. Wiki moja kabla ya kufungua niliingia na ufagio, kitambaa puani, nikawatoa popo. Dawati la kwanza kulegea nimelipeleka kwa fundi siku hiyohiyo. Viroba vipo palepale, viwili nimevirudia kwa mkono wangu kwa sababu pweza alikuwa ameshafutika. Sijaposti picha hata moja.

Na staa? Mzima, namwona kwenye simu kila siku. Juzi alikuwa shule nyingine anawakimbiza watoto waingie kwa furaha. Sikuandika kitu. Yale kumi yake, niseme haki, ndiyo madawati imara kuliko yote darasani, hayajalegea hata msumari. Nyuma ya kila moja alipuliziwa jina lake kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, zinaonekana vizuri na aliyekaa nyuma yake. Mwezi wa tatu mwaka ule nilimkuta mtoto anafuatisha zile herufi kwa kidole, moja moja, anatamka silabi, halafu akageuka kwangu macho yamemtoka. "Mwalimu, nimesoma!"

Kwa hiyo dada, kama unapita hapa, ujue kuna watoto Bagamoyo ambao neno la kwanza kulisoma maishani mwao ni jina lako. Yamebaki thelathini. Sikudai, na safari hii sijayaweka kwenye hesabu. Ila ukiyaleta, mlango uko wazi, na juisi watakunywa kwanza.